Mkono wa Kushoto Unatakiwa Udo

Mkoa wa Miyazaki, kusini mashariki mwa kisiwa cha Kyushu, ndiko Wajapani wa miji mikubwa wanakokwenda kupumua. Barabara ya pwani imepandwa mitende, na wenyeji wana sifa ya kutoshikwa na haraka hata mgeni akiwa ameshachelewa. Mwaka 1974 zaidi ya theluthi moja ya maharusi wa Japani walikuja huku fungate. Baadaye ndege za Hawaii zikawachukua. Mimi na mke wangu tumekuja fungate yetu ikiwa imechelewa kidogo: kifungua mimba wetu yuko chuo kikuu.

Mke wangu ni mtu wa Pangani. Aliposikia habari za pwani isiyo na haraka alijiona kafika kwao. Basi halikuwa na habari hiyo. Kibao cha kituo pale Aoshima kiliandika mpaka dakika, na dakika hiyohiyo basi likaja, likafungua mlango, likafunga, likaenda zake, yeye akikung'uta mchanga kwenye kandambili na mimi nikipunga kofia. La pili lilikuwa baada ya saa nzima.

Saa hiyo tuliimalizia kwenye miamba. Kisiwa cha Aoshima kimezungukwa na matabaka ya mawe yaliyojipanga mistari mistari hadi ndani ya bahari. Tabaka laini limeliwa na mawimbi, gumu limebaki limesimama. Wenyeji wanapaita ubao wa kufulia wa shetani. Maji yakitoka unaweza kutembea juu yake, ila mwani hauna heshima kwa mtu mzima. Niliteleza, nikakaa chini bila kukaribishwa, mbele ya kundi la wanafunzi wenye kofia za njano. Kwa adabu zao wakageuka wote kutazama upande wa pili. Afadhali wangecheka.

Basi lililofuata, la kwenda Udo, tulilipata. Huku nauli unalipa ukishuka: unatumbukiza sarafu kwenye sanduku kando ya dereva, na mashine yake inavunja noti ya yeni 1,000. Mimi nilikuwa na ya 10,000. Nikasimama pale, foleni mgongoni, nikisubiri maneno ya kondakta wa daladala. Hakuna aliyesonya. Bibi mmoja alifungua kipochi chenye kikengele, akanihesabia noti mkononi, moja moja, akachukua zote akahesabu upya, kisha akaniinamia. Basi lilelile lisiloweza kumngoja mtu avae kandambili likatulia kimya mpaka hesabu ya bibi ikatimia.

Hekalu la Udo limejengwa ndani ya pango juu ya bahari, nawe unalifikia kwa kushuka ngazi. Mbele yake, chini, kuna mwamba wenye umbo la kasa, na mgongoni mwake shimo lililozungushiwa kamba. Zamani watu walirusha sarafu. Tangu 1954 wanarusha vidonge vya udongo vilivyofinyangwa na watoto wa shule ya msingi ya hapohapo. Kidonge kikiingia ndani ya kamba, dua imekubaliwa. Sharti moja: wanawake mkono wa kulia, wanaume wa kushoto.

Wa kushoto! Bibi yangu alitumia ujana wangu wote kuufunza mkono huo usijitokeze mbele za watu: usile, usipokee, usimpe mtu kitu. Leo nauita mbele ya hekalu uje ufanye kazi. Kidonge kimoja kilikwenda baharini, kingine kikamgonga kasa kichwani, kingine kikatua nyuma yangu, na kilipitia wapi sijui. Mke wangu alirusha kama anayewatupia kuku mtama. Kikaingia. Nikamuuliza kaomba nini.

"Utaona tukifika nyumbani."

Miyazaki pia ni nchi ya embe. La daraja la juu huitwa Taiyo no Tamago, nalo sharti lifike gramu 350 na sukari isipungue asilimia 15. Halichumwi. Kila embe hufungiwa wavu wake mtini, ndani ya banda, likiiva linajidondokea humo. Dukani lilikaa peke yake kisandukuni, juu ya kitambaa, kwa bei niliyoisoma, nikavaa miwani, nikaisoma tena. Mke wangu akampigia mama yake Pangani simu ya video.

"Shikamoo mama. Hebu ona embe."

"Marahaba. La nani hilo?"

"La kuuza. Hawachumi, wanasubiri lidondoke lenyewe."

Mama mkwe akaivuta simu usoni, akalitazama sana.

"Sasa likishadondoka," akauliza, "huko hawana mbuzi?"