Hoja za Ukaguzi Dhidi ya Godzilla

Anayependa filamu za zamani za madubwana ya Kijapani asithubutu kuzitazama na mhasibu mstaafu. Mimi ninaye mmoja nyumbani, mjomba wangu, na rimoti anaishika yeye.

Tulianza vizuri. Godzilla ya kwanza, ya mwaka 1954, aliitazama kimya mpaka mwisho. Ile ni filamu nzito. Ishirō Honda aliiongoza miaka tisa baada ya Hiroshima na Nagasaki, mwaka uleule ambao wavuvi wa Kijapani waliangukiwa na majivu ya bomu la Marekani lililolipuliwa kisiwani Bikini. Mwishoni Dakta Serizawa anazama baharini na silaha yake ya kuangamiza oksijeni, Godzilla anayeyuka, inabaki mifupa, kisha mifupa nayo inatoweka. Mjomba akashusha pumzi. "Hesabu zimefungwa," akasema.

Kwa furaha nikaweka ya 1955. Godzilla huyo anaranda Osaka, anang'atana na dubwana mwenzake, Anguirus. Picha ikasimama.

"Huyu si tulimwona anayeyuka?"

"Huyo ni mwingine, Mjomba."

"Kaingia lini? Mbona hayumo kwenye daftari?"

Daftari si maneno tu. Analo, la mistari, na kalamu nyekundu.

Sinema hiyo inaisha Godzilla akifukiwa kwenye barafu, na mwaka 1962 anachomoka kwenye siwa barafu kwenda kupigana na King Kong. Hapo Mjomba aliridhika. "Bakaa ya mwaka uliopita," akaandika. Lakini raha yake ilikuwa fupi. Rodan, wale watambaazi wa kutisha wenye mabawa, walikufa wawili kwenye volkano ya Aso mwaka 1956. Mwaka 1964 anaibuka mmoja pale pale Aso, mzima wa afya. Mwaka huohuo wa 1964 yai la Mothra, yule dubwana nondo, lilitoa viwavi wawili, na filamu iliyofuata ya mwaka huohuo ina kiwavi mmoja. Wasichana mapacha wadogo mno, wanaoimba na kumsemea Mothra, wanasema kiwavi mwenzake alifariki.

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

Nilikuwa nimebandika maziwa. Kufikia hapo yalikuwa yameshafurika, yamezima moto, na harufu ya kuungua imejaa mpaka sebuleni. Mama akaja na kitambaa mkononi kutugombeza, akakuta ndiyo kwanza yule kiwavi anawasuluhisha Godzilla na Rodan ili wamkabili Ghidorah mwenye vichwa vitatu. Mapacha wanatafsiri. Godzilla anasema hana sababu ya kuwasaidia binadamu, maana wamemwonea siku zote; Rodan anaafiki. Kilikuwa kikao cha ukoo kabisa, wakubwa wamenuna na mdogo ndiye anayebembeleza. Mama akakaa. Maziwa yakasubiri.

Nilijaribu kumweleza Mjomba kwamba enzi zile mtazamaji alikata tiketi, akaona Tokyo inasagwa, akarudi kwake. Hakuna aliyekuwa na rimoti. Kampuni ya Toho ilitakiwa kuleta dubwana lingine mwakani, si kuleta vielelezo. Na ndani ya lile vazi la mpira alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, tangu 1954 mpaka 1972. Vazi la kwanza lilikaribia kilo 100. Mtu anayetokwa jasho namna hiyo unamdai stakabadhi?

"Ndiye hasa wa kudaiwa," akajibu.

Mwaka 1967 Godzilla akapata mtoto, Minilla, kutoka kwenye yai. ("Baba tumemwona. Mama je?") Na ile ya 1972, dhidi ya Gigan, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, japo ni mbovu. Bajeti ilikuwa finyu, basi wakachomeka vipande vya filamu za nyuma: dubwana linarusha ngumi usiku, inatua mchana. Mjomba alikosa hata pa kuanzia. Alichora mstari mwekundu mrefu, akaomba chai. Ya rangi, maana maziwa hayakuwapo.

Kisha, bila kuniuliza, akaruka mpaka ya 1991. Watu kutoka karne ya 23 wanarudi mwaka 1944, wanamhamisha dinosaria kutoka kisiwa cha Lagos ili Godzilla asizaliwe kamwe. ("Lagos ya Nigeria?" Hapana, ni kisiwa cha kubuni cha Pasifiki.) Wanaporejea, kila mtu bado anamkumbuka Godzilla. Nilisubiri picha isimame. Haikusimama. Mjomba ameinama mbele, kalamu imeanguka, hajaiokota.

Tukamalizia na ya 1984, inayofuta kila kilichotokea isipokuwa ile ya kwanza. Godzilla akainuka kati ya maghorofa ya Tokyo, na mama, ambaye siku zote alikuwa hana swali, akauliza mbona amerefuka. Ni kweli: alikuwa mita 50, sasa ni 80, wala hakuna anayeeleza kwa nini.

"Dada, tulia," Mjomba akasema, macho hayabanduki kwenye kioo. "Amefanyiwa uthamini upya."