Sifa za Ofisi Isiyo na Siri

Ofisi inayonunua kompyuta mpakato mpya na kumkabidhi mtumishi ikiwa na nywila 123456, yaani neno la siri ambalo mwizi yeyote hulijaribu kwanza, inastahili heshima ya pekee, kwa kuwa imefuta ubaguzi wa kale kati ya mwenye mali na mpita njia. Nywila hiyo, isije ikasahaulika, hubandikwa kwa karatasi ya manjano pembeni mwa kioo, ukarimu ambao hata mwenye nyumba anayeacha funguo mlangoni hajaufikia. Mafaili ya zamani huhamishwa kwa flashi iliyokwisha kuzunguka kila steshenari ya mtaani, na hivyo mashine changa hupata chanjo zote kwa siku moja.

Masasisho, ambayo ni marekebisho yanayoziba nyufa za programu, huahirishwa kwa busara. Ikumbukwe kwamba Microsoft ilitoa kiraka cha Windows mwezi Machi 2017, na waliokuwa na subira ya kutokiweka walijaliwa, Mei mwaka huohuo, kufahamiana na WannaCry, programu iliyofunga mafaili, yakiwamo ya hospitali za Uingereza, na kudai fidia ya dola 300 kwa Bitcoin. Wenye haraka walikosa tukio hilo la kihistoria.

Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kazi yote, huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa ndani ya kompyuta ileile, ili siku ikiibwa zisitengane. Wateja wenye majalada ya mwaka uliopita wanaombwa kuleta upya fomu zao, pamoja na picha 2 za pasipoti.