Kanuni za Kupakia Pikipiki ya Watu Wawili Ughaibuni: Taarifa kwa Jamaa wa Voi

Barua hii inawaelekea wajomba, mashangazi, mashemeji na wazee wa steji ya bodaboda ya Voi, pamoja na jamaa wote wa Mwatate, Wundanyi na Taveta, na lengo lake ni kufafanua, kwa utaratibu unaostahili, desturi moja ya Uskoti ambayo imezua maswali mengi katika simu za Jumapili. Swali kuu ni kwa nini watu wazima wenye nyumba za mawe, vitanda na mitambo ya kupashia joto huzifunga nyumba hizo kila kiangazi, wakapanda pikipiki wawili wawili na kwenda kulala hemani penye mvua. Desturi hiyo ni kupiga kambi kwa pikipiki, yaani safari ambayo msafiri hubeba makazi, jiko, kitanda na kabati lake juu ya magurudumu mawili, ilhali hahami, hajafukuzwa na mwenye nyumba, wala hapeleki chochote sokoni.

Sehemu ya mwisho ya ufafanuzi huo ndiyo itakayowatatiza wasomaji wa Taita Taveta, kwa kuwa huko nyumbani mzigo ndio unaomtoa mtu nyumbani. Ndizi zina siku zake za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, kabichi huteremka kutoka milima ya Wundanyi, na tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo, zisizozidi sentimita 250 za ujazo wa injini, kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, pikipiki aina ya Boxer imebeba godoro, mbuzi, kabati la vyombo na mitungi ya gesi bila kuuliza. Uskoti, kinyume chake, mzigo hufungwa Inverness, huzungushwa takriban kilomita 830 katika barabara ya North Coast 500, iliyoanza kutangazwa kwa watalii mwaka 2015, kisha hurudishwa Inverness ukiwa ni mzigo uleule, isipokuwa umelowa.

Chombo kinachopendwa kwa kazi hiyo ni pikipiki kubwa za aina ya BMW R 1250 GS, ambayo ina injini ya sentimita za ujazo 1,254, huwa na kilo 249 ikiwa na mafuta yake, na hairuhusiwi na mtengenezaji kuzidi kilo 465 baada ya kila kitu na kila mtu kupanda. Hesabu ya kutoa inaonyesha kwamba zinabaki kilo 216, jambo ambalo dereva yeyote wa Voi angelichukulia kuwa mwaliko. Lakini dereva wa kilo 90 na abiria wa kilo 70, wakiwa wamevaa majaketi mazito na viatu vya kupandia, humaliza kilo 160, na masanduku matatu ya alumini pamoja na fremu zake, yakiwa bado hayana kitu ndani, hukaribia kilo 20. Hivyo pikipiki ambayo bei yake ingenunua kundi zima la Boxer hubakiwa na nafasi ya kilo 36 hivi, ambazo ni pungufu ya gunia moja la viazi.

Kutokana na ufinyu huo umezuka uchumi wa gramu. Wasafiri hupima hema kwa mizani ya jikoni, hununua kijiko cha titani, ambayo ni madini mepesi na ghali, na wengine hukata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito, kisha hunywa chai na keki mbili kabla ya kuondoka. Mtungi wao wa gesi hubeba gramu 230, na kwa jamaa waliozoea mtungi wa kilo 6, au ule wa kilo 13 unaofungwa nyuma ya Boxer kama mtoto wa pili, ni vyema kueleza kwamba gesi hiyo si sampuli ya dukani, bali ndiyo inayotarajiwa kupika.

Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa kuliko zote imo katika hadhi ya abiria. Voi, abiria ni sehemu ya vifaa vya kufungia mzigo: mama atokaye sokoni hukaa upande, hushika kuku kwa mkono mmoja na mfuko wa unga kwa mkono wa pili, huku mgongo wake ukizuia gunia lililo kwenye keria lisiserereke, na kwa huduma hiyo yote bado hutozwa nauli. Uskoti, abiria ni mzigo wenye haki. Kanuni za barabara za Uingereza humruhusu mmoja tu, humtaka akae kwenye kiti halisi akiwa ametanua miguu huku na huku, na kofia ngumu ni lazima kwa sheria tangu mwaka 1973. Sheria ya Kenya nayo humtambua abiria mmoja, ingawa ibara hiyo huenda likizo siku ambayo shule zinafunguliwa.

Haki za mzigo huo huanza kudaiwa wiki moja kabla ya safari. Abiria, awe mke, mume au rafiki, huhitaji mto wake, kikombe chake, sweta ya akiba na sweta ya kuipokea ile ya akiba, na kwa kuwa kofia yake hufungwa kipaza sauti kilichounganishwa na cha dereva, hupata fursa ya kushauri juu ya kona, mwendo na uamuzi wa kuacha mto wa pili nyumbani. Kwa sababu hiyo wapakiaji wenye busara humpa sanduku moja la pembeni liwe lake peke yake, nao hawalifungui wala hawaliulizii, hata linapolia.

Baada ya mipaka kukubaliwa, hufuata kanuni za upakiaji wenyewe, ambazo zina msingi katika fizikia. Abiria husogeza nyuma kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa chombo huegemea, na kikisogea mno gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba na taa humulika ndege badala ya barabara. Vitu vizito, kama zana, sufuria na chakula, huwekwa chini na karibu na katikati, pande mbili zikilingana; sanduku la nyuma huachiwa vyepesi; springi ya nyuma hukazwa na matairi hupimwa upepo; na hema hufungwa juu kabisa, kwa kuwa mvua haitasubiri sufuria zitolewe kwanza. Wazee wa steji watatambua kwamba hayo yote wamekuwa wakiyatenda bila kitabu kila wanapopanda kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi.

Kuhusu milima, jamaa hawana sababu ya kuingiwa na hofu. Njia ya mlimani ya Bealach na Bà, huko Uskoti, ambayo wasafiri huiogopa na kupigia picha kileleni, hufika mita 626 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichozidi sana kile cha mji wa Voi wenyewe, ilhali mlima Vuria wa huko nyumbani una mita 2,208 na hakuna anayepewa cheti kwa kuishi karibu nao. Kuhusu wanyama, hatari ya Uskoti ni visubi wasiofika milimita 3, ambao hutoka jioni kwa maelfu na kuwafukuza watu wawili hemani. Wakija Taita Taveta, wapiga kambi hao waambiwe mapema kwamba pikipiki haziruhusiwi ndani ya mbuga ya Tsavo, kwamba tembo huvuka barabara ya Taveta bila kufuata kanuni za Uingereza, na kwamba ndizi hazilazwi hemani.

La mwisho ni ombi. Matairi ya pikipiki hizo kubwa hayana tyubu, na kwa hiyo Uskoti imekosa ile mipira ya tyubu kuukuu, iliyokatwa vipande virefu, ambayo huko Voi hushikilia uchumi wote wa kaunti kwenye keria. Badala yake huuzwa mikanda yenye vifungo, ambayo hulegea mvua inaponyesha, yaani daima. Ndugu atakayefuata kupanda ndege anaombwa abebe mita kadhaa za mipira hiyo ndani ya zile kilo 23 za sanduku lake, na maofisa wa forodha wakimwuliza, ajibu kwa utulivu kwamba ni vifaa vya kitaaluma.