Maharage Yaliyoungua Butiama

Jiko nililiingiza ndani mimi. Nalisema hili kwanza, maana kisa hiki kimeshasimuliwa namna nyingi katika familia yetu, na kila msimulizi hupunguza kitu.

Ilikuwa Aprili, masika yameshika, Butiama yote tope. Mama mkwe alilalamika miguu inamfa ganzi kwa baridi. Nikayabandika maharage kwenye jiko la mkaa, nikalisogeza chumbani kwake, nikafunga dirisha, na uwazi wa chini ya mlango nikauziba kwa khanga kuukuu kwa sababu maji yalikuwa yanapenya. Kisha nikatoka kwenda banda la nje kukaanga dagaa. Mwanangu ndiye aliyenifuata: "Mama, maharage yanaungua na bibi haitiki."

Tulimkuta ameegemea ukuta, mdomo wazi. Tukambeba hadi uani, kwenye mvua. Mume wangu akakimbilia barabarani kusimamisha mchomoko. Abiria wakashuka wenyewe, wakatuachia gari. Hospitalini alivutishwa oksijeni usiku kucha. Alfajiri alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mmenirudishia nini?"

Alikuwa Musoma, alituambia, ufukweni. Jua linazama, jekundu. Ziwa linapiga mawe bila kupumzika. Juu ya jiwe ameketi baba mkwe, aliyefariki zamani, anashona nyavu. Akamwita kwa jina la usichana wake, jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia. Alipomkaribia, akamwambia, "Maharage yako yanaungua." Ndipo maji baridi yakampiga usoni.

Wifi alikuja Jumapili kutoka Musoma. Yeye ni mlokole, na kwake jambo lilikuwa wazi: mama amevuka na Mungu amemrejesha. Shemeji, mwalimu wa baiolojia huko Bunda, akasema hapana. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ubongo ukinyimwa hewa, huanza kujionesha mambo. Akataja utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wa 2023: wagonjwa wanne wasio na fahamu walipoondolewa mashine ya kupumulia, ubongo wa wawili ulifumka mawimbi ya kasi kabla ya kuzima. Wifi akanyanyuka, akaondoka bila kula. Walinuniana wiki mbili.

Mimi nilibaki nikihesabu. Jua jekundu: makaa. Mawimbi juu ya mawe: mvua juu ya bati. Onyo la baba mkwe: sufuria yangu. Shemeji yuko sahihi, naamini hivyo. Ila aliongea kana kwamba akishasema "ubongo" mazungumzo yamekwisha, na hapo ndipo ninapomkatalia. Kichwa kinachokosa hewa, kimepewa makaa, mvua na harufu ya kuungua, kikajenga Musoma nzima na mtu wake ndani. Na lile jina halikuwemo chumbani. Lilitoka mbali.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani. Aliyekufa, alieleza, angali katika sasa maadamu yuko hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Usiku ule mambo yaligeuka: marehemu ndiye aliyemwita aliye hai kwa jina, jina ambalo nyumbani kwetu hakuna tena wa kulitamka.

Siku moja tukichambua mchele nilimweleza mama maneno ya shemeji, taratibu, nikihofia kumnyang'anya kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe kichwa changu ndicho kilichomtengeneza?" akauliza. "Basi kinamkumbuka vizuri, mwanangu. Hata mkono mmoja wa shati alikuwa ameukunja, mwingine ameuacha. Ndivyo alivyokuwa."

Jiko sasa halivuki kizingiti. Ile khanga niliichoma. Jioni mama huja kukaa nami bandani, na maji ya maharage yakianza kukauka nikinyoosha mkono niongeze, hunizuia.

"Yaache yashike kidogo," husema, kisha hufumba macho.