Jinsi ya Kumtengenezea Mfalme Dhahabu na Kubaki Hai

Kwanza kabisa, usimwonyeshe mtu. Johann Friedrich Böttger alikuwa mwanagenzi katika duka la dawa mjini Berlin, hajatimiza miaka 20, alipowafanyia mashahidi kiinimacho cha kugeuza fedha kuwa dhahabu mwaka 1701. Habari zikamfikia mfalme wa Prussia. Kijana akatorokea Wittenberg, katika nchi ya Saxony, na huko akadakwa na mtawala mwingine mwenye njaa ileile: Augustus, aliyeitwa Mwenye Nguvu.

Pili, ujue unachopewa. Ufadhili wa mfalme ni chumba chenye moto mzuri na mlango unaofungwa kwa nje. Mwaka 1703 Böttger alichomoka, akafika Austria, akarudishwa.

Ukiwa ndani, tafuta mwenzako mwenye akili. Yeye alimpata Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, mwanahisabati aliyeyeyusha mawe kwa lenzi na vioo vikubwa vya kukusanya jua. Kando ya dhahabu, Augustus alikuwa na uchu wa kauri za China na Japani. Mwaka 1717 angetoa askari wapanda farasi 600 apate vyombo 151 kutoka Prussia. Basi achana na dhahabu, shika udongo.

Hapa usiharakishe. Chukua udongo mweupe wa Colditz. Choma mmoja mtupu. Mingine changanya na alabasta, sehemu nne za udongo kwa moja, kisha tano kwa moja, hivyo hivyo hadi tisa. Moto uwe mkali kupita uliowahi kuuona, halafu andika kila kitu, hata kilichoharibika. Böttger aliandika matokeo ya sampuli hizo saba Januari 15, 1708. Tatu za mwisho zilitoka nyeupe, zinapenyeza mwanga. Naupenda ukurasa ule kuliko dhahabu yoyote aliyoahidi: hauna kiinimacho, una vipimo tu.

Tschirnhaus alifariki mwaka huohuo. Kiwanda cha kauri kilianzishwa 1710 katika ngome ya Albrechtsburg, Meissen, Böttger akiwa msimamizi wake na bado mfungwa. Aliachiliwa 1714, akafa 1719 akiwa na miaka 37.

Kabla hujawasha tanuri, muulize mfalme mlango utafunguliwa siku gani. Aiandike.