Maji Moto ya Kwenye Simu

Siku hizi mzazi wa Dar es Salaam akitaka mwanawe ajue maji ya moto yatokayo ardhini, humfungulia video ya Iceland. Bando linakatika, mtoto anapiga miayo. Utete, ukichepuka kidogo kutoka barabara ya Kilwa, chemchemi zinatoa maji ya moto usiku na mchana, tena bila bando. Lakini huko kuna vumbi, na baba kaosha gari jana.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, haina maringo hayo: tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi mjini. Waliokaa ni sisi.

Msituni ndiyo usiseme. Komba wa Rondo, mnyama wa gramu zipatazo 60 tu, mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa, hutoka usiku kutafuta wadudu. Saa hizo hata familia iliyojikaza ikasafiri iko hotelini Lindi mjini, inatafuta soketi ya kuchajia.

Mtoto mmoja, kakinai chipsi, akauliza kuhusu dinosaria wa Tendaguru.

“Yuko Berlin,” baba akajibu. “Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913. Wapagazi wakabeba mifupa vichwani hadi bandarini hapa Lindi. Wamemsimamisha makumbusho, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.”

“Baba, yeye alipataje viza?”

Baba akaongeza sauti ya redio.