Saa Saba za Mkono wa Mwanangu

Mama Mkurugenzi wa kituo cha kulelea watoto,

Kwa miezi minane nimekuachia mwanangu kila siku ya kazi kabla ya mapambazuko, nikakimbilia mwendokasi, na jioni nikamkuta ameoga, ameshiba. Nakushukuru kwa hilo na sitalisahau. Nilichokuwa sijui ni kwamba uaminifu wako ulikuwa bado haujapimwa.

Jumanne ile nilifika saa kumi na moja jioni. Nilimkuta amekaa mkekani, halii, mkono wa kushoto umelegea ubavuni kama si wake. Nilimpa biskuti akaipokea kwa mkono wa kulia, ilhali tangu aanze kushika kijiko hutumia wa kushoto. Nikakuuliza kuna nini. Ukanijibu: "Alianguka kidogo, mama Junia, kesho atakuwa mzima."

Hospitali muuguzi aliniuliza kama nina PF3. Sikuwa nayo. Ni fomu ya polisi kwa majeruhi, na sikuifikiria kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mtoto kaanguka tu. Ni daktari aliyegundua. Aliushika mkono, akabonyeza polepole kuanzia begani hadi kifundo, akaniuliza, "Nani alimvuta?" Akanieleza kwamba kwa watoto walio chini ya miaka mitano, utepe unaoshikilia kichwa cha mfupa pale kwenye kiwiko bado ni mlegevu, ukimnyanyua au kumvuta mtoto kwa mkono mmoja, mfupa unateleza kutoka mahali pake. Mkono hauvimbi sana, ila mtoto huacha kuutumia. Daktari aliugeuza mkono kiganja kikaangalia juu, akakunja kiwiko, kikasikika kilio kifupi cha mfupa na kirefu cha mwanangu. Haikupita robo saa, alikuwa ananinyang'anya simu kwa mkono uleule.

Mama, kuvutwa kule ningekusamehe usiku uleule. Mimi mwenyewe nimewahi kumnyanyua kwa mkono mmoja nikimpandisha daladala huku konda anapiga bodi. Wazazi wengi hufanya hivyo, bila kujua. Kilichonirudisha kwako Jumatano asubuhi ni lile neno "alianguka".

Uliponiona getini ulinitangulia: "Yule binti mlezi nimeshamfukuza, tumemaliza." Ulimfukuza haraka, Mama, kabla hata sijakwambia daktari amesema nini. Basi ulikuwa unajua.

Binti mwenyewe alikuja nyumbani kwangu jioni, amevaa kanga, analia, akapiga magoti. Nilimnyanyua, kwa mikono miwili. Alinisimulia kwamba saa nne asubuhi alikuwa peke yake na watoto 19, mwenzake katumwa sokoni kununua maharage. Mwanangu alikuwa anaelekea kwenye jiko la mkaa lenye sufuria ya uji. Alimkwapua kwa mkono, mtoto akapiga kelele, mkono ukalegea. Akakufuata ofisini, akakwambia yote. Ukamwagiza amlaze na asiseme.

Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa saba. Namba yangu imo kwenye daftari lako, na unajua kuipiga: ada ikichelewa kupita tarehe tano, simu yako hunifikia kabla sijanywa chai. Safari hii deni lilikuwa la mkono wa mtoto, na hukunipigia. Ingekuwa kichwa je? Mtoto aliyejigonga kichwa, akaanza kutapika au kusinzia, huwezi kumlaza ukasubiri mama yake atoke kazini. Na ukimpa daktari kisa cha uongo, unamtuma akatafute ugonjwa mahali usipo.

Nasikia pia umewaambia wazazi wenzangu kwamba mwanangu "ana mifupa laini". Daktari hakuona tatizo lolote kwenye mifupa yake. Naomba ukawaambie hivyo, mmoja mmoja, kama ulivyowaambia lile la kwanza.

Ulituma ujumbe: tuyamalize kifamilia, ada ya mwezi ujao usilipe. Familia huambiana ukweli siku ile ile, Mama. Ada hiyo nimekutumia kwenye simu yako Ijumaa, pamoja na ya kutolea. Kisha nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii, na yeye akanipeleka Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto imekiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Neno ni kila mwanajamii, nawe umo. Cheti cha usajili ulichokitundika juu ya mlango kimetokana na sheria hiyo hiyo. Na mzazi anayesoma hapa asiyejua aanzie wapi, 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

Majirani wameniambia nataka kumkatia riziki mama wa watu. Sitaki kituo kifungwe. Nawajua kina mama wanaokaanga maandazi saa tisa usiku na kuwahi stendi. Kituo kikifungwa, watoto wao watafungiwa ndani na dada wa miaka minane. Kwa sababu hiyo hasa nataka kiendelee kikiwa salama. Nilichomweleza afisa ni kwamba jiko la mkaa haliwezi kukaa kwenye chumba kimoja na watoto, kwamba mtu mmoja hawezi watoto 19, na kwamba mtoto akiumia, mzazi apigiwe simu kabla ya mtu yeyote kufikiria aseme nini. Kisha kiandikwe kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, na mzazi asome na kusaini.

Na yule binti. Nilimuuliza alifundishwa kazi kwa muda gani. Alisema siku moja: alionyeshwa vikombe vinapokaa na jinsi vyandarua vinavyofungwa. Hakuna aliyemwambia mtoto hunyanyuliwa kwa kushikwa makwapani. Alimuumiza mwanangu, na hilo amelieleza mwenyewe mbele ya afisa, bila kupunguza. Kati yenu wawili, ni yeye wa miaka 19 aliyesema ukweli, na ndiye aliyepoteza kazi. Naomba umrudishe, umpeleke akafundishwe, au umlipe haki yake aondoke kwa heshima.

Mwanangu kwa sasa anashinda kwa shangazi yake. Mkono ni mzima, ila ukitaka kumshika ghafla anaurudisha nyuma ya mgongo. Kikombe chake cha bluu bado kiko kwako. Nitakuja kukichukua Jumamosi saa nne. Nitakaa hapo hapo mkekani, na nitaomba unisimulie wewe mwenyewe, tangu mwanzo, kilichompata mtoto wangu.

Mama Junia